Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Ilianza siku ya Ijumaa, ya kwanza katika mwezi wa Agosti, saa nane na dakika arobaini mchana, mbele ya fleti zetu za Grand Prairie, Texas. Saa ya gari ilionyesha tisa kasoro dakika kumi. Hukimbia dakika kumi mbele, nami huzitoa kichwani. Baba alinifungulia mlango wa nyuma wa kushoto, nikaingia na baibui langu, akausukuma kwa kiuno mpaka ukalia. Hapo nikawa nimefungiwa.

Sisemi kwa mafumbo. Mlango ule haufunguki kwa ndani. Kitasa kipo, kinavutika, lakini hakishiki kitu. Kwetu kila mtu anajua kwamba anayeendesha ndiye humfungulia aliyekaa pale. Mlango wa kulia ni mzima, ila siku hiyo upande wa kulia ulikuwa umejaa sanduku langu, mfuko wa mablanketi, feni na viatu vya shule. Kiti cha mbele kilikaliwa na sufuria la pilau la Mama, limefunikwa taulo na kufungwa mkanda kama abiria, kwa sababu safari moja liliwahi kumwagika tukanuka bizari mpaka Ramadhani. Katikati ya viti vya mbele Baba alikuwa amebana kisanduku cha barafu chenye soda.

"Umekaa vizuri, mama?" Baba aliuliza. Huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mamake.

"Ndiyo."

Sikuwa nimekaa vizuri. Nilikuwa napelekwa Stafford, karibu na Houston, kukaa kwa shangazi mwaka mzima wa shule, sikutaka, na hakuna aliyejua kwamba sitaki.

Lazima kwanza nieleze habari ya kampuni, maana kampuni ndiyo iliyonifikisha pale.

Baba anafanya kazi kwenye kiwanda cha magari, mwendo wa robo saa kutoka nyumbani. Yeye hufunga mipira ya milango, ile inayozuia maji ya mvua, kwenye yale magari makubwa ambayo mtu mfupi kama mimi huyaingia kwa kuparamia. Kampuni yenyewe ni ya Kimarekani, ya zamani sana, na Baba huizungumzia kama mzee wa ukoo. Ilianzishwa, husema, na fundi aliyekuwa akiunda injini kwenye banda nyuma ya nyumba, majirani wakimwona mwehu kwa makelele yake. Ikakua. Ikaja miaka ambayo kila Mmarekani aliyejiweza alitaka gari lake, yale marefu yenye mapezi kwa nyuma. Hapo, husema Baba, ikalewa sifa. Magari madogo ya Kijapani yalipoingia, yasiyokunywa mafuta, wakubwa wa kampuni waliyacheka, na walikuwa bado wanacheka wateja walipoanza kuondoka. Viwanda vikafungwa kimoja kimoja, kampuni ikafikia kwenda kuomba serikalini. Gari letu lilitengenezwa mwaka huohuo.

"Hili mamake alilizaa akiwa mahututi," Baba husema akilipapasa dashibodi. "Ndiyo maana lina kasoro ndogondogo. Msilitukane. Kampuni yetu imepitia mengi."

"Yenu?" Mama humjibu. "Wewe una nini humo zaidi ya mgongo unaokuuma?"

Mimi naijua kampuni kwa njia nyingine. Kampuni ikikohoa, sisi huhama. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, vile vipande vidogo vya kompyuta vinavyotiwa ndani ya magari viliadimika dunia nzima, laini ya kuunganishia magari kiwandani ikasimama, Baba akarudishwa nyumbani. Tukahamia Stafford kwa shangazi, Baba akawa anaendesha abiria Houston. Shule ya kule nilikaa mwaka mmoja bila kuongea na mtu. Sitii chumvi. Mwalimu mmoja alinidhania sijui Kiingereza, akaniletea kitabu cha picha cha kujifunzia. Nilikipokea. Nilikisoma muhula mzima, apple, ball, cat, badala ya kumwambia.

Kisha kampuni ikapata nafuu, ikaita watu wake, tukarudi Grand Prairie, nikaanza upya. Ilinichukua miaka miwili kupata rafiki mmoja. Ni msichana wa Kivietinamu. Tunakula pamoja chakula cha mchana kwenye ngazi za nyuma ya maktaba, na siku nyingine hatusemi neno mpaka kengele, na hakuna anayeona vibaya. Sina mwingine. Huyo ndiye niliyekuwa naachana naye.

Mwaka huu kampuni imepona kabisa. Magari yake makubwa yanagombewa, kiwanda kimeongeza shifti, na Baba amepangiwa ya jioni, anatoka alasiri na kurudi usiku wa manane. Mama ni muuguzi huko mji wa Mesquite, zamu yake nayo ni ya jioni. Kwa hiyo nyumbani angebaki msichana wa miaka kumi na sita peke yake. Kazini kwa Baba walikata keki. Kwetu kiliitishwa kikao.

Kikao kilikuwa cha simu, Jumapili baada ya sala ya alasiri. Simu iliwekwa katikati ya meza, na ndani yake alikuwa shangazi, dada mkubwa wa Baba, ambaye sauti yake haihitaji spika.

"Mwenda kazini nyote wawili, mtoto wa kike mwamwachia nani? Ukuta?" alisema. "Nileteeni. Chumba kipo, shule aijua, mimi niko nyumbani mchana kutwa na cherehani yangu. Mwenyewe asemaje?"

Baba akaisogeza simu kwangu. Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi: kwamba mama Mkongo wa ghorofa ya chini, ambaye hunisuka, amesema naweza kukaa kwake mpaka watu warudi. Kwamba nitafanya kazi za shule palepale kwenye meza yake. Yalipanda mpaka kooni, yakakaa.

"Kanyamaza," shangazi akasema kwa furaha. "Karidhi huyo."

Kwetu pwani msichana akiletewa posa huulizwa, na akinyamaza huhesabiwa amekubali, kwa sababu ya haya. Ni heshima anayopewa, asilazimishwe kutamka. Lakini watu wa nyumbani kwetu wameitoa desturi hiyo kwenye posa wakaitia kwenye kila kitu: chai ya pili, safari, shule. Mtu kama mimi, anayenyamaza hata akikanyagwa, amekubali mambo mengi sana maishani mwake.

Basi tukashika barabara ya arobaini na tano kwenda kusini. Mbele yangu palikuwa na shingo ya Baba na nywele zake mbili tatu nyeupe. Mapajani nilikuwa na daftari hili. Ninaliandika kwa Kiswahili kwa sababu shuleni nikilisahau mezani hakuna awezaye kulisoma.

"Nishakwambia habari ya kamba?" Baba alianza tulipoipita Corsicana.

Nilishaambiwa mara nyingi. Nilisema, "Niambie."

Kiwandani, juu ya kila mfanyakazi, kuna kamba imening'inia. Ukiona kitu hakikukaa sawa, skrubu imepinda au mlango hauingii, unaivuta. Taa inawaka, wimbo unapigwa, na kila kituo kina wimbo wake, ili msimamizi ajue mbio zake azielekeze wapi. Usipopata suluhu haraka, laini yote inasimama. Watu mamia, wote, kwa ajili ya mkono wako mmoja.

"Kampuni ilipokuwa mgonjwa," Baba alisema, "kamba zilikuwepo hazivutwi. Ukivuta watukanwa. Gari bovu lapita, wa pili aona naye anyamaza, wa tatu vivyo hivyo, mpaka lafika kwa mnunuzi. Hayo ndiyo maradhi yenyewe. Si Wajapani. Siku hizi waambiwa, vuta! Wimbo wangu mie ni ule wa gari la aiskrimu." Akaupiga kwa mluzi, akacheka peke yake. Sufuria likatikisika kidogo kwenye mkanda wake.

Nilitaka kusema pale. Nilihesabu malori matano meupe na kujiambia likipita la sita nitasema. Lilipita la sita, likapita la tisa.

Kabla ya kufika Huntsville kiyoyozi kilianza kupuliza hewa ya moto, halafu mshale wa joto ukapanda. Baba akasema, "La, la, la, usinifanyie hivi," akiliambia gari, si mimi, akatoka barabarani, tukaingia kituo cha mafuta huku mvuke ukitoka chini ya boneti. Alizima, akachomoa ufunguo, akaruka nje. Alifunua boneti, akarudi nyuma na mkono usoni, akashika njia kuelekea dukani kutafuta maji ya rejeta.

Alinisahau.

Mwanzoni sikuona ajabu, nilijua atarudi. Vioo vya gari letu ni vya umeme, bila ufunguo havishuki. Nilimpigia simu, ikalia mbele yangu, pale kwenye dashibodi alipoiacha ikichaji. Jua la Agosti la Texas saa kumi na moja jioni halina tofauti na la mchana. Kiti kilianza kunichoma kupitia baibui. Ningeweza labda kujipenyeza kwenda mbele, lakini kisanduku cha barafu kilikuwa kimeziba njia, na ningelazimika kutoka kichwa mbele, miguu juu, mbele ya wanaume waliokuwa wakitia mafuta. Nilipiga picha hiyo kichwani, nikaona afadhali joto.

Mtu mmoja mwenye kofia pana alikuja, akachungulia boneti iliyo wazi, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akatazama ndani. Tulitazamana. Sikuwa na haja ya kusema kitu, ningegonga tu kioo, kidole kimoja. Niliinamisha macho. Naye, kwa adabu yake, akaondoka. Bila shaka alidhani nimeridhi kukaa.

Dakika ya kumi na mbili, kwa saa ya simu, niliona vidoa vya kijani machoni. Jasho lilikuwa limekoma kutoka, nami nimesoma shuleni kwamba hiyo si dalili nzuri. Nikawaza kwa utulivu kabisa, hivi ndivyo nitakavyokufa, kwa haya. Watasema alikuwa mtoto mtulivu.

Nikaegemea kisanduku cha barafu, nikanyoosha mkono wote kati ya viti, bega likauma, nikaufikia usukani. Nikabonyeza honi. Sikuiachia.

Sikujua gari letu lina sauti kubwa vile. Kituo kizima kiligeuka. Yule mwenye kofia aligeuka. Baba alitoka dukani mbio, galoni la maji likimmwagikia suruali, akaufungua mlango, hewa ikaingia, nikaanguka nusu mikononi mwake na honi bado naisikia masikioni.

"Subhanallah! Mbona hukuita?"

"Nimepiga honi."

"Kabla ya honi! Mtu kapita hapa, nimemwona! Mbona hukumwambia?"

Alinikalisha kivulini, akanimwagia kichwani maji ya barafu iliyoyeyuka kwenye kisanduku cha soda, akaniuliza mara nne kama naona sawa.

Tulipoondoka tena jua lilikuwa limeinama. Sufuria lilihamishiwa nyuma, juu ya mablanketi, na Baba alitaka nikae mbele. Nilikataa kwa kichwa. Nilikuwa na jambo la kusema, na nilijua siwezi kulisema nikiuona uso wake. Nikarudi palepale nyuma ya shingo yake. Alinifungia mlango polepole, kama anayemfungia mgonjwa.

Bango la Huntsville lilipopita nikasema, "Baba, mimi sitaki kukaa Stafford."

Gari lilikwenda. Alinitafuta kwenye kioo, nikasogea asinipate.

"Lakini ulikubali."

"Sikukubali. Nilinyamaza."

Nilimweleza habari ya mama Mkongo wa chini na meza yake, nikamweleza habari ya rafiki yangu, hata kitabu cha picha, ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Sauti yangu ilikuwa ndogo nikadhani hasikii, ila niliona masikio yake yamebadilika rangi. Tulipita miti mingi kabla hajajibu, na alipojibu alianzia kwingine.

"Ile kamba," alisema. "Mwaka wangu wa kwanza sikuivuta hata mara moja."

Hii hakuwahi kunisimulia.

"Kulikuwa na gari moja jeusi. Mpira wa mlango wa nyuma nauona kwa macho yangu haukukaa. Nikainua mkono. Nikawaza, nikivuta wote watanigeukia, na Kiingereza changu wakati ule, wajua… Nikaushusha. Gari likaenda. Mpaka leo mvua kubwa ikinyesha namuwaza mwenye gari lile." Alikamata usukani kwa mikono miwili. "Nitasema na dada. Leo hii. Tukifika."

Tulifika Stafford baada ya magharibi. Shangazi alinikumbatia, akanivuta moja kwa moja hadi chumbani. Kulikuwa na mapazia mapya ya zambarau, rangi niliyoipenda nilipokuwa na miaka kumi na miwili, na foronya za kitambaa kilekile. Vyote ameshona mwenyewe. Kwenye dirisha nje kulikuwa na uzio wa mbao, karibu hivi, ukinyoosha mkono unaugusa. Sikuwa nimeusahau uzio ule. Nilikuwa nazijua mbao zake moja moja.

Pilau ilipakuliwa. Nilikaa mkabala na Baba nikingoja. Kila shangazi alipotua kijiko, Baba alifuta mdomo, akakohoa, akanyoosha mgongo, kisha akaongeza kachumbari. Mbele ya dada yake, Baba, ambaye kiwandani huwafundisha wageni kazi, hurudi kuwa mtoto wa miaka tisa.

"Wala sanduku hajafungua, huyu," shangazi alisema.

"Kachoka," Baba akajibu, macho kwenye sahani. Akapakua tena.

Nililala na nguo nilizokuja nazo. Niliandika kwenye daftari sentensi mbili, nikazikata, nikaziandika upya zikawa moja.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, nilimsikia Baba nje akihangaika na boneti. Alikuwa anajitayarisha kurudi. Nilingoja nisikie mlango wa jikoni, nisikie sauti zao wawili. Nilisikia spana tu. Nikaelewa kwamba ataondoka, atanibusu kichwani, atasema atampigia dada yake simu kesho, na mwaka utapita.

Nikaenda jikoni. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya karai, anakaanga mahamri, mgongo kwangu. Ilikuwa bahati, ule mgongo.

"Shangazi, siku ile ya simu nilinyamaza, lakini sikuwa nimeridhi."

Hamri lilivimba, akaligeuza. "Wasemaje?"

Nikairudia yote, maneno yaleyale, maana sikuwa na mengine.

Aligeuka na mwiko wa matundu ukitona mafuta. "Na jana?"

"Jana pia."

"Babako ajua?"

"Ajua."

"Tangu lini?"

"Tangu Huntsville."

Alizima jiko. Akafungua mlango wa nje. "We! Hebu toa kichwa humo! Mtoto kakwambia tangu Huntsville, ukaja kwangu, ukala sahani mbili za pilau, ukalala, ukasali, na mdomo umeufumba! Wangoja nini, posa?"

Baba aliinuka haraka, akagonga kisogo kwenye boneti. "Dada, nilikuwa nataka…"

"Wewe tangu utotoni wataka tu!"

Akarudi, akaketi. Nilidhani atanigeukia mimi sasa. Alifuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja.

"Yale mapazia niliyakata mara mbili," alisema kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Ya kwanza yalikuwa mafupi."

"Ni mazuri, Shangazi."

"Najua ni mazuri." Nikamweleza habari ya mama Mkongo wa ghorofa ya chini na meza yake, naye akasikiliza huku akiikunja leso. "Huyo Mkongo, ni mtu wa heshima?"

"Ndiyo."

"Nipe namba yake. Nitazungumza naye mie mwenyewe, kila wiki. Na alama zako zikishuka naja kukuchukua kwa mkono wangu, hapo sitakuuliza wala sitakungoja ujibu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema kwa sauti."

"Nimesikia, Shangazi."

Akanitilia mahamri kumi kwenye mfuko, akanikabidhi sufuria la Mama lililooshwa. Nilikwenda chumbani, nikalikunja lile shuka nililolalia juu, nikayagusa mapazia, nikalibeba sanduku mwenyewe mpaka garini. Nikalirudisha kiti cha nyuma upande wa kulia. Kisha nikafungua mlango wa mbele, nikaingia, nikaliweka sufuria mapajani, nikafunga mkanda.

Baba alimaliza kutia maji, akashusha boneti, akapapasa kisogo chake. Akazunguka gari kwa mazoea, akaufungua mlango wa nyuma wa kushoto, akasimama ameushikilia, akingoja niingie.